Kwa Nini Oksijeni Inashuka

Karatasi za mtihani wa kemia hapa Kenya zina sentensi moja niliyoipenda kuliko zote. Wanakupa jedwali lenye herufi, P, Q, R, S, halafu wanaandika: herufi hizi si alama halisi za elementi. Yaani wanakuficha jina, wanakupa tabia tu, na wewe unakaa hapo na kalamu yako unajiuliza huyu ni nani. Wenzangu walikuwa wanapiga miayo. Mimi nilikuwa kidato cha pili na nilikuwa nataka kujua, na nikitaka kujua kitu situlii, kama mtu aliyeingiwa na siafu. Kwa hiyo hata hapa sitamtaja mtu kwa jina. Tabia zitatosha.

Tuliishi Yamumbi. Baba alikuwa karani kwenye ghala la mahindi mjini Eldoret, na Mama alikuwa na kibanda cha nafaka na mboga mbele ya nyumba. Wote wawili walikuja huku kutoka magharibi wakiwa vijana, wakitafuta kazi, wakapata kazi na baridi. Chumba chetu cha wasichana kilikuwa na vitanda vitatu. Kimoja cha dada yangu mkubwa, aliyekuwa kidato cha nne na aliyeamini kwamba dunia nzima inampigia kelele makusudi asisome. Kimoja cha mdogo wetu wa gredi ya nne. Na kimoja changu. Kila mtu na kitanda chake, na nisikudanganye, nilikuwa najivunia. Shuleni kulikuwa na wasichana waliolala watatu watatu.

Halafu akaja wa nne. Alikuwa binti wa dada yake Mama, wa rika langu, kutoka Moiben. Kwetu mtoto wa mama mkubwa haitwi binamu, ni dada yako tu, basi. Mama mkubwa alikuwa ameolewa tena, na mume mpya akasema anataka mke, si mke na furushi. Sijui mtu anapata wapi ujasiri wa kumwita mtoto furushi, lakini alilisema, na Mama alipopata habari alifunga kibanda mchana kweupe akaenda Moiben akamleta.

Akawekwa kitandani kwangu. Aki, yule msichana alikuwa na visigino! Alikulia kwenye ng'ombe, alizoea kuamka kukamua, kwa hiyo alfajiri miguu yake ilianza kazi kabla yake. Nilimsukuma, akanisukuma. Tulivutana blanketi mpaka likapasuka upindo. Mchana tulikuwa marafiki. Tulitembea pamoja kwenda shule, tulikaa dawati moja, na alinifundisha kupiga mluzi kwa vidole viwili, jambo ambalo dada mkubwa alisema litanikosesha mume.

Kitu kimoja tu kilinisumbua kwake. Begi lake halikufunguliwa. Alilisukuma chini ya kitanda siku aliyofika, na kila asubuhi alichomoa nguo ya kuvaa, jioni akairudisha na kufunga zipu. Viatu vyake alivipanga vikitazama mlango. Nilimuuliza mbona asitundike nguo ukutani kama sisi. Akasema, "Ziko sawa tu." Nikamuuliza tena siku nyingine. Akaniambia mimi maswali yangu yatanimaliza.

Mwalimu wetu wa kemia alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kengele, tukimwita Madam kama tulivyowaita walimu wote wa kike. Muhula huo alitufundisha nishati ya uionishaji. Jina linatisha lakini maana yake ni rahisi: ni nguvu unayohitaji ili kumng'oa elektroni mmoja wa nje kutoka kwenye atomu. Wengine wanang'oka kwa urahisi, wengine ng'o! Madam aliandika ubaoni sheria mbili. Ukishuka chini kwenye jedwali la elementi, nguvu hiyo inapungua, kwa sababu elektroni wa nje anakaa mbali zaidi na kiini, na aliye mbali na nyumbani ni rahisi kuchukuliwa. Ukienda kulia, inapanda, kwa sababu kiini kinazidi kuwa na chaji ya kuvuta, na kinawakumbatia elektroni wake wote karibu. Tukaimba: kushuka inapungua, kulia inapanda. Tuliimba vizuri sana. Darasa letu lilikuwa na vipaji vya kwaya.

Kisha akatupa namba za mstari wa pili, kuanzia lithiamu mpaka neoni, tuchore grafu nyumbani. Tukachora mezani, mimi na dada wa Moiben, Mama akichambua maharagwe upande wa pili. Lithiamu chini, beriliamu juu yake, sawa. Boroni, hee, ikashuka kidogo. Kaboni ikapanda, naitrojeni ikapanda sana. Oksijeni ikashuka. Halafu florini na neoni wakapanda tena mpaka karibu watoke nje ya karatasi. Nikarudia kusoma namba. Nikafuta, nikaweka tena. Bado oksijeni ilishuka.

Nikachungulia ya mwenzangu. Alikuwa amepitisha mstari mmoja laini kutoka chini mpaka juu, na vile vijidoti viwili vilivyoshuka akaviacha kando.

"Umeviruka," nikamwambia.

"Madam amesema inapanda."

"Lakini haipandi! Ona hapa."

"Kama Madam amesema inapanda, inapanda. Wewe unataka kushindana na mwalimu juu ya doti?"

Nilitaka. Kesho yake darasa zima, kasoro mimi, lilileta mlima laini. Madam alifika kwangu akasimama. Akauliza mbona yangu imeteguka. Nikasema namba ndizo zimeteguka. Akasema hiyo haitatoka kwa mtihani, niipitishe laini kama wenzangu. Nikasema siwezi kupitisha laini kitu ambacho si laini. Sauti yangu ilipanda, mimi mwenyewe niliisikia. Madam akanionyesha mlango, nikaenda kusimama kando ya tangi la maji, na kule nilikasirika mpaka nikalia, si kwa sababu ya adhabu, bali kwa sababu mtu alikuwa anajua jibu na hataki kunipa.

Kumbe alikuwa halijui vizuri, alitaka kwenda kuliangalia. Kipindi kilichofuata alianza nami. "Wewe mwenye kichwa ngumu, simama. Leo nitafundisha kitu haiko kwa silabasi kwa sababu yako. Mkifeli, mlaumuni huyu." Darasa likacheka. Boroni alimmaliza haraka: elektroni wake wa mwisho ameanzia chumba kipya, mbali kidogo na wenzake, kwa hiyo hashikwi sana. Nikakubali. Kisha akauliza, "Nani nyumbani kwao kuna chumba na vitanda vitatu?"

Nikainua mkono, mjinga mimi.

"Mnalala wangapi?"

"Wanne, Madam."

"Basi wewe ndiye oksijeni yetu ya leo," akasema, akafurahi, akachora vitanda vitatu ubaoni. "Naitrojeni ana elektroni watatu ndani ya chumba hiki. Kila mmoja na kitanda chake, wamenyoosha miguu, hakuna wa kumsumbua mwenzake. Kumtoa mmoja ni kazi. Sasa tunaenda kwa oksijeni. Ameletwa wa nne. Atalala wapi?"

"Na mwingine!" darasa likajibu.

"Watafanya nini?"

"Watasukumana!"

"Sasa nikija nataka kutoa mmoja, ni wapi itakuwa rahisi?"

"Kwa wale wawili!"

Hapo nikaelewa kila kitu, na utamu wa kuelewa ulinishika mwili mzima. Ni kitu nisichoweza kukueleza kama hujawahi kukionja. Kwamba ndani ya hewa tunayovuta kuna kusukumana, na kwamba doti moja iliyoshuka kwenye karatasi yangu ndiyo huo msukumano wenyewe! Nikauliza papo hapo, "Na anayetoka ni yupi, Madam? Ni yule aliyekuja mwisho?" Akatikisa kichwa. Akasema elektroni hawana majina, huwezi kuwatofautisha, huwezi kusema huyu mwenyeji na huyu mgeni. Wako wawili, mmoja anatoka, basi. Jibu hilo halikuniridhisha hata kidogo. Niligeuka nimwambie mwenzangu, nikamkuta amefunga kitabu na kuangalia nje.

Tukiwa njiani kurudi akasema, "Kwa hivyo oksijeni ni mimi."

Lazima niseme kilichokuwa kinatusubiri nyumbani. Shangazi, dada yake Baba, alikuwa ametuma ujumbe kwamba atakuja Jumapili baada ya kanisa kuomba msichana. Alikuwa na nyumba kubwa mtaa wa Elgon View, watoto wake wamekwenda vyuo vya mbali, mume safari haziishi. Alitaka msichana wa kukaa naye, asome shule ya karibu, amsaidie kazi ndogo ndogo. Kwetu shangazi akiomba hivyo hakataliwi hivi hivi. Huyo ndiye aliyechagua majina yetu, ndiye atakayekaa mbele siku za mahari, ana neno ndani ya nyumba ya kaka yake. Hakuna aliyesema ni msichana gani. Lakini Baba alikuwa amezoea kusema "tumejaa humu," na sisi wawili tuliyajua mahesabu hayo bila kufundishwa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na yeye jembe alikuwa ameshalishika.

"Hutaenda," nikamwambia.

"Nitaenda tu. Nguo ziko kwa begi."

Hasira niliyoipata pale barabarani ilikuwa kubwa kuliko ile ya tangi la maji. Nilijaribu kufikiri kama Madam. Kama tatizo ni wawili kitanda kimoja, dawa ni kitanda cha nne. Chumba kikiwa na vitanda vinne hakuna wa kusukumana, hakuna aliyezidi, na shangazi akichungulia ataona kila mtu ana mahali pake. Usinicheke. Nilikuwa nimeelewa kitu kimoja katika maisha yangu na nilitaka kukitumia kwa kila kitu.

Penye mashine ya mbao walikuwa wanatupa mabanzi, zile kingo za magogo zenye maganda. Tukayabeba kichwani, mvua ikitunyeshea, matope ya Yamumbi yakitung'ang'ania viatu. Misumari tuliichomoa kwenye lango bovu la kuku tukainyoosha kwa jiwe. Dada wa Moiben ndiye aliyejua kugonga, maana kule alishajenga zizi la ndama. Mimi nilishika mbao na kutoa maoni. Godoro tukashona la gunia, tukalijaza maganda ya mahindi. Mguu mmoja ulikuwa mfupi, tukauwekea tofali. Baba aliporudi kutoka kazini alikitazama kwa muda mrefu.

"Hii ni kitanda ama ni kichanja ya kuanika vyombo?"

"Ni kitanda, Baba."

"Mtu atalala hapo aamke mzima?"

Kikaingia chumbani kwa shida, mlango ukawa haufunguki wote, na dada mkubwa akawa anaruka kama mbuzi kufika kwake. Alilalamika mpaka Mama akamwambia akasomee kibandani. Lakini jioni hiyo niliona jambo ambalo sikulitegemea. Mwenzangu alivuta begi akalifungua. Akatoa magauni yake, sweta, kitambaa cha mama yake, akagonga msumari ukutani juu ya kitanda chake akavitundika. Begi tupu akalikunja akaliweka juu ya kabati. Mama alipita na karai la unga, akasimama mlangoni akaziangalia zile nguo. Kisha akaenda jikoni. Mimi nilifurahi kupita kiasi. Nilijua nimepandisha doti.

Jumapili shangazi akaja. Aliacha gari barabarani kwa sababu ya matope, akatembea ameinua sketi, ananukia vizuri, anatucheka sote kwa upendo. Nilimpenda shangazi, naomba ieleweke. Alitembezwa nyumba nzima kama desturi, akafika chumbani kwetu akashika kiuno.

"Haiya! Vitanda vinne! Kumbe mmepanuka."

Nikamwonyesha kila kimoja na mwenyewe. Akasifu. Tukarudi sebuleni, dada wa Moiben akaleta chai, na shangazi akasema kilichomleta. Akamtazama Baba, si Mama.

"Kaka, nimekuja kuomba damu yetu. Mkubwa ana mtihani, simgusi. Mdogo bado anahitaji mama. Nataka huyu wa katikati, huyu wa maswali."

Niligeuka nyuma kuona nani amesimama hapo. Hakukuwa na mtu. Watu wazima wote pale sebuleni hawakushtuka, kwa sababu wao walijua tangu mwanzo. Shangazi huomba mtoto wa kaka yake. Mtoto wa upande wa Mama hakuwa wake wa kuomba, na mimi na busara zangu zote za jedwali la elementi sikukumbuka desturi ya nyumbani kwetu. Wako wawili, mmoja anatoka. Madam alikuwa amenijibu na mimi nikakataa jibu.

Baba alisema mtoto aulizwe. Wote wakanitazama.

"Nikikataa?" nikauliza.

Shangazi hakukasirika. Akaweka kikombe chini. "Ukikataa, mama, nitaomba nipewe huyu dada yako wa Moiben. Si damu yetu, lakini ni msichana mzuri, na mimi peke yangu kwa ile nyumba nimechoka." Baba akaangalia viatu vyake. Ninamjua Baba akiangalia viatu vyake. Ameshakubali, anangoja tu mwingine aseme.

Mlangoni trei ilikuwa imesimama. Mwenzangu alikuwa ameishika kwa mikono miwili, vikombe vimetulia kabisa, uso wake umekuwa ule wa siku aliyofika, uso wa mtu ambaye nguo zake ziko sawa tu popote. Alikuwa ameanza kuondoka tayari na hakuna aliyemgusa.

"Naenda mimi," nikasema.

Halafu nikamtazama Mama. Nilisema kwa sauti, ili asikie, na nilingoja. Mama yangu alikuwa mwanamke wa kufunga kibanda mchana kweupe. Mama alimfuata mtoto wa dada yake mpaka Moiben akambebea begi mwenyewe. Nilikuwa na hakika atasimama aseme hakuna mtoto wangu anayetoka humu, leo wala kesho, shangazi rudi kwako salama. Ningekubali hata agombane na Baba. Mama akasimama. Akasema, "Wacha nikamtafutie sweta, Elgon View miti mingi, kuna baridi," akaingia ndani.

Kila kitu kikaenda haraka. Dada mkubwa alinikumbatia kwa namna ya kuniumiza. Mdogo wetu aliuliza kama anaweza kuhamia kitanda changu. Dada wa Moiben hakuja kuniaga. Alikuwa nyuma ya nyumba anapasua kuni, nilisikia shoka, na lilikuwa linapiga kwa nguvu kuliko kuni zinavyohitaji.

Mama alinisindikiza mpaka kwenye gari. Matope yalimfika vifundoni. Nilipanda, nikafunga mlango, nikashusha kioo, na bado nilikuwa nangoja. Nikamuuliza mbona hajamkatalia shangazi.

Akaweka mkono wake kwenye ukingo wa dirisha. 

"Yule ameng'olewa mara moja," akasema. "Mara ya pili ingemmaliza. Wewe, hata wakupeleke wapi, wewe ni wangu na unajua. Wewe sikuogopei."

Shangazi akawasha gari. Nililia kutoka Yamumbi mpaka lango la Elgon View, kwa sababu Mama alikuwa amesema kweli tupu, na mimi nilitaka, siku hiyo moja tu, aniogopee.